Hesabu ya vigingi vya kona yaonyesha kiasi kinachoachwa nje ya mpaka

MKULIMA wa kahawa katika eneo la Ruiru anapoambiwa kwamba maradhi yameingia katika sehemu ya shamba lake, swali la kwanza huwa ni mpaka wa maradhi hayo uko wapi. Dawa ni ghali na vibarua hulipwa kwa siku. Akinyunyizia shamba zima, hupoteza fedha. Akinyunyizia sehemu ndogo kupita kiasi, huacha miti iliyoambukizwa iendelee kueneza ugonjwa.

Njia moja rahisi ya kuutafuta mpaka ni kuzunguka shambani, kuandika mahali ilipo miti kadhaa iliyopatikana ikiugua, kisha kuchora mstari unaoizingira yote. Lakini njia hiyo ina kasoro isiyoonekana kwa macho. Mstari uliochorwa kwa kufuata miti iliyopatikana hauwezi kuwazingira wenzake ambao hawakupatikana. Kila mara huwa mdogo kuliko eneo lenyewe.

Je, ni mdogo kwa kiasi gani? Swali hilo limeshughulikiwa na wanahisabati kwa zaidi ya miaka 60, na jibu lao lina manufaa hata kwa mtu asiyejua hisabati nyingi. Wamegundua kwamba mtu anaweza kuhesabu pembe za mstari ule aliouchora, na kutokana na hesabu hiyo pekee akajua ni sehemu gani ambayo imebaki nje.

Kamba na vigingi

Ili kuielewa kanuni hiyo, tuchukulie kwamba kila mti uliopatikana ukiugua umewekewa kigingi. Kisha watu wawili wanachukua kamba ndefu, wanaizungusha nje ya vigingi vyote na kuivuta mpaka ikaze. Kamba hiyo itagusa vigingi vichache tu, vile vilivyo nje kabisa, na itapinda kwenye kila kimojawapo. Hivyo ndivyo vigingi vya kona. Vigingi vingine vyote vitabaki ndani bila kuguswa.

Hakuna ugumu katika kuvipata vigingi hivyo. Mnamo 1972 mwanahisabati wa Marekani, Ronald Graham, alichapisha njia ya kuvitafuta kwa kompyuta: pointi hupangwa kwa kufuata pembe zake, kisha mashine huzunguka ikitupa kila pointi inayoifanya kamba ipinde kuelekea ndani. Kwa njia hiyo simu ya kawaida yaweza kuchambua maelfu ya pointi kwa muda mfupi mno.

Kilicho kigumu ni kutabiri. Ikiwa vigingi 100 vimetawanyika ovyo katika shamba, ni vingapi kati yavyo vitakuwa vya kona? Vikiongezwa hadi 1,000, je, vya kona navyo vitaongezeka mara 10?

Swali la mwaka 1864

Chimbuko la mambo haya ni swali lililoulizwa na Mwingereza James Joseph Sylvester mnamo 1864. Alitaka kujua: pointi nne zikitupwa ovyo, kuna uwezekano gani wa mojawapo kuangukia ndani ya pembetatu inayofanywa na zile tatu nyingine? Kwa lugha ya kamba, aliuliza ni mara ngapi kamba itakuwa na kona tatu badala ya nne.

Wajibu walitofautiana, na baadaye ikabainika kwamba jibu hutegemea umbo la mahali pointi zinapoangukia. Katika pembetatu, uwezekano huo ni theluthi moja kamili. Katika mraba ni 11 kwa 36, yaani asilimia 30.6. Katika duara ni asilimia 29.6 hivi. Mnamo 1917 Wilhelm Blaschke alithibitisha kwamba, kwa maumbo yote yasiyo na sehemu iliyobonyea ndani, pembetatu ndiyo yenye uwezekano mkubwa kabisa na duara ndilo lenye uwezekano mdogo kabisa.

Tofauti hizo zaonekana kuwa ndogo. Lakini zilikuwa dalili ya jambo kubwa, nalo halikufichuka mpaka watu walipoacha kuhesabu pointi nne na kuanza kufikiria maelfu.

Mraba na duara

Mnamo 1963 na 1964 Alfréd Rényi wa Hungary na Rolf Sulanke wa Ujerumani walichapisha makala mawili yaliyoonyesha kwamba idadi ya kona hukua kwa njia mbili tofauti kabisa, kulingana na ukingo wa eneo.

Ikiwa eneo lina pembe, kama shamba la mraba, idadi ya kona hukua polepole sana. Vigingi 100 vikitawanywa ovyo katika mraba, wastani wa vigingi vya kona ni takriban 12. Vikiwa 1,000, wastani ni 18. Vikiwa 10,000, ni 24. Kila mara vigingi vyote vinapozidishwa kwa 10, vya kona huongezeka kwa sita tu. Hata vikifika milioni moja, kamba itapinda kwa wastani mara 36 au 37. Huo ndio ukuaji ambao wanahisabati huuita wa kufuata logi.

Katika duara mambo ni mengine. Huko idadi ya kona hufuata kipeuo cha tatu cha idadi ya vigingi, kikizidishwa kwa 3.38. Kipeuo cha tatu cha 1,000 ni 10, kwa hivyo vigingi 1,000 hutoa kona 33 au 34. Vigingi 10,000 hutoa takriban 73, na milioni moja hutoa takriban 338. Katika duara, vigingi vikizidishwa mara nane, kona huongezeka maradufu.

Sababu ya tofauti hii si ngumu kuielewa. Katika mraba, kamba hulala karibu na ubavu ulionyooka, na kigingi kimoja kilichosogea nje kidogo huwafunika wenzake wengi walio kwenye ubavu uo huo. Kamba hulazimika kupinda hasa inapokaribia pembe nne za shamba, na huko ndiko vigingi vya kona hujazana. Katika duara hakuna ubavu ulionyooka wala pembe. Kila sehemu ya ukingo inapinda kidogo, na kila sehemu inahitaji vigingi vyake.

Kuna sifa nyingine ambayo ina uzito wa pekee kwa mashamba ya Kiambu. Mengi ya mashamba ya wakulima wadogo katika kaunti hiyo ni marefu na membamba, yakishuka kutoka mgongo wa kilima hadi mtoni. Mtu angedhani hesabu za mraba haziwezi kutumika huko. Ukweli ni kwamba mraba ukivutwa upande mmoja ukawa mstatili mrefu, kigingi kilichokuwa cha kona hubaki kuwa cha kona, na kilichokuwa ndani hubaki ndani. Kwa hivyo hesabu ni ile ile kwa mstatili wowote, uwe mfupi au mrefu.

Mkunjo wa kengele

Wastani peke yake hautoshi. Mtu anayeambiwa kwamba wastani ni 12 atataka kujua kama akipata tisa au 16 aone ajabu.

Jibu la swali hilo lilitolewa mnamo 1988 na mwanatakwimu wa Uholanzi, Piet Groeneboom. Alithibitisha kile kinachoitwa kanuni ya ukomo: kadiri idadi ya vigingi inavyozidi kuwa kubwa, ndivyo idadi ya kona inavyozidi kutawanyika kwa kufuata mkunjo wa kengele. Mkunjo huo ndio ule ule unaojitokeza mtu anaporusha sarafu mara nyingi na kuhesabu ni mara ngapi upande mmoja umetokea. Matokeo mengi hukaa karibu na wastani, na kadiri yanavyokwenda mbali ndivyo yanavyopungua, kwa usawa pande zote mbili.

Jambo hilo halikuwa dhahiri. Kengele hutokea pale ambapo vitu vingi vidogo visivyotegemeana hujumlishwa pamoja, kama marusho ya sarafu. Vigingi vya kona havionekani kuwa hivyo, kwani kigingi kimoja kikisogezwa chaweza kuwafuta jirani zake wawili au watatu. Groeneboom alionyesha kwamba utegemezi huo hauendi mbali. Mtu akifuata kamba inapoikaribia pembe ya shamba, kisha akaikuza picha na kutazama tena karibu zaidi na pembe hiyo, ataona mandhari inayofanana na ya kwanza, lakini yenye vigingi vipya ambavyo karibu havitegemei vile vya awali. Kila hatua ya kukuza picha ni kama rusho jingine la sarafu. Idadi ya hatua hizo ndiyo inayokua kwa kufuata logi.

Kutokana na kazi hiyo, upana wa kengele nao unajulikana. Kwa vigingi 10,000 katika mstatili, idadi ya kona hutofautiana na wastani kwa nne hivi kupanda au kushuka, na ni nadra kutoka nje ya 17 na 32. Kwa hivyo mtu akihesabu kona 70, ana sababu nzuri ya kusema kwamba eneo lake halina pembe nne, bali lina ukingo wa mviringo. Groeneboom alithibitisha kanuni kama hiyo kwa duara pia. Mnamo 1994 Irene Hueter alifanya vivyo hivyo kwa pointi zilizosongamana katikati na kupungua kuelekea nje bila ya kuwa na mpaka wowote.

Mti wa 101

Kanuni inayomfaa zaidi mkulima iligunduliwa mwaka 1965 na Mmarekani Bradley Efron wa Chuo Kikuu cha Stanford, na uthibitisho wake hauhitaji hata tarakimu ngumu.

Tuseme mkaguzi amechagua bila upendeleo miti 101 kati ya miti yote inayougua. Anauweka mmoja kando na kuzungusha kamba kwenye ile 100 iliyobaki. Je, mti uliowekwa kando uko nje ya kamba? Utakuwa nje ikiwa tu ni mmojawapo wa miti ya kona katika kundi zima la 101. Lakini mti wowote kati ya hiyo 101 ungeweza kuwa ndio uliowekwa kando, na wote wana nafasi sawa. Kwa hivyo uwezekano wa mti huo kuwa nje ni wastani wa idadi ya miti ya kona ukigawanywa kwa 101.

Maana yake ni hii: mkaguzi aliyepima miti 100 na kupata kona 12 ana haki ya kukadiria kwamba takriban miti 12 katika kila 100 inayougua, ambayo hakuifikia, imo nje ya kamba yake. Kona zagawanywa kwa idadi ya vigingi, na jibu ni sehemu iliyoachwa.

Ikiwa maradhi yameenea kwa usawa katika eneo lote, na eneo hilo halijabonyea mahali popote, hesabu hiyo inahusu pia ukubwa wa ardhi. Kamba ikizingira ekari 22 na kona zikiwa 12 kati ya vigingi 100, basi ekari hizo ni asilimia 88 ya eneo halisi, ambalo litakuwa ekari 25. Anayenunua dawa ya ekari 22 amepungukiwa na dawa ya ekari tatu.

Hapa ndipo mkunjo wa kengele unaporudi kazini. Kwa vigingi 100, idadi ya kona yaweza kupanda au kushuka kwa mbili au tatu bila sababu yoyote ila bahati. Kona zikiwa tisa, makadirio yatakuwa ekari 24 na ushei. Zikiwa 15, yatakaribia 26. Mkulima mwangalifu atapanga fedha zake kwa kuzingatia nafasi hiyo.

Aidha, kanuni hizi humwezesha kuamua kama inafaa kuendelea kupima. Katika shamba la mstatili, vigingi 100 huacha nje takriban asilimia 12. Vikiwa 200, sehemu hiyo hushuka hadi asilimia saba. Vikiwa 400, hushuka hadi nne. Mia ya kwanza ya nyongeza inaleta faida ya asilimia tano, ilhali mia mbili zinazofuata zinaleta tatu tu.

Kwa nini Ruiru

Mfano wa kahawa haukuchaguliwa ovyo. Ugonjwa unaooza matunda ya kahawa yangali mabichi, ambao wakulima wa Tanzania huuita chulebuni, uliripotiwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mnamo 1922. Kituo cha utafiti wa kahawa kilichoko Ruiru kimepambana nao kwa miongo mingi. Mnamo 1985 kilitoa aina ya kahawa inayostahimili ugonjwa huo na kutu ya majani, nayo ikaitwa Ruiru 11 kwa heshima ya mahali ilipozaliwa. Aina ya Batian ilifuata mnamo 2010. Hata hivyo, bado kuna wakulima wenye miti ya aina za zamani kama SL28 na SL34, ambazo hushambuliwa kwa urahisi na huhitaji kunyunyiziwa dawa.

Ardhi yenyewe nayo imebadilika. Barabara kuu ya Thika iliyozinduliwa mnamo 2012 ilifanya safari ya kutoka Nairobi kuwa fupi, na mashamba mengi ya kahawa yamegeuzwa kuwa makazi. Mji wa Tatu City unajengwa katika eneo la Ruiru kwenye ardhi iliyokuwa na mibuni. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 370,000 katika Ruiru. Pale ambapo shamba linapakana na nyumba za watu, mpaka wa kunyunyizia dawa si suala la fedha za mkulima peke yake.

Kanuni hizi zahusu pia wale wasiolima. Afisa wa afya anayechora mahali wanapoishi wagonjwa wa kuhara katika Thika, au mtaalamu wa wanyamapori anayechora mahali tembo alipopita, wote huzungusha kamba kwenye pointi. Wataalamu wa wanyama wametumia njia hiyo tangu miaka ya 1940. Kila mmoja wao anaweza kuhesabu kona na kujua amekosa nini.

Palipo na tahadhari

Kuna mambo matatu ambayo mtumiaji wa kanuni hizi hana budi kuyazingatia.

Kwanza ni mtawanyiko. Takwimu za 12, 18 na 24 ni za pointi zilizoenea kwa usawa, bila moja kuivuta nyingine. Vijidudu vya ugonjwa wa kahawa husambazwa na matone ya mvua, kwa hivyo miti inayougua hukaa kwa makundi. Hapo utabiri wa idadi ya kona hauwezi kutegemewa. Hata hivyo, kanuni ya mti wa 101 haivunjiki, mradi miti iliyopimwa imechaguliwa kwa bahati nasibu kutoka kwa yote inayougua. Bado itaeleza ni sehemu gani ya miti inayougua iliyoko nje ya kamba, ingawa haitasema tena ni ekari ngapi. Mkaguzi aliyepima miti ya kando ya njia pekee kwa sababu ni rahisi kuifikia hatasaidiwa na kanuni yoyote.

Pili ni umbo. Kamba iliyokazwa haiwezi kufuata sehemu iliyobonyea. Watu wengi wa ukanda huu wanaishi kando ya barabara kutoka Ruiru kupitia Juja, kilipo Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, hadi Thika. Barabara ikipinda, kamba iliyozungushwa kwenye nyumba zao itameza mashamba ambayo hayana nyumba hata moja. Vivyo hivyo, maradhi yaliyoko kwenye migongo miwili ya vilima yataifanya kamba ivuke bonde lisilo na kahawa. Katika hali kama hizo ni afadhali kuligawa eneo na kuzungusha kamba kadhaa.

Tatu ni makosa ya kuandika. Katika vigingi 100, kamba hutegemea 12 tu, na hao ndio walio mbali kabisa. Mti mmoja ukiandikwa kimakosa ng'ambo ya barabara, utakuwa kigingi cha kona bila shaka yoyote, na utavuta kamba pamoja nao. Ndiyo maana inapasa vigingi vya kona virudiwe kukaguliwa mmoja baada ya mwingine kabla ya mpaka kukubaliwa. Kazi hiyo si kubwa. Shamba lenye vigingi 1,000 lina takriban 18 vya kurudia.

Baada ya ukaguzi huo, mkulima huwa na nambari mbili mkononi: ekari zilizomo ndani ya kamba, na sehemu iliyobaki nje. Ya kwanza humwambia aanzie wapi kunyunyizia. Ya pili humwambia ni kiasi gani cha dawa aongeze, na kama ni lazima amtume kibarua mara nyingine akatafute miti ambayo haikuonekana.